Magoli Mawili ya Alasiri Moja

Nilitoka Arua asubuhi moja kwa sababu kulikuwa na lori limesimama. Sababu nyingine sina, na nimeitafuta. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na mashati mawili. Shule niliiacha darasa la saba bila kufukuzwa na mtu, na tangu hapo nilikuwa nimepakua magunia ya tumbaku, nimepaka rangi nusu ya kanisa, na nimekaa siku kumi na bwana mmoja aliyedai kwamba anajua kutengeneza redio. Asubuhi hiyo nilinunua maandazi karibu na soko, nikayala huku natembea, nikaona lori linanguruma na nyuma pana nafasi katikati ya mabenchi. Nikamwuliza dereva anakwenda wapi. Akasema Koboko. Nikamwambia na mimi ninakwenda Koboko, na maneno hayo yakawa kweli kuanzia nilipoyatamka.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita nilikwenda Koboko tena, safari hii kumzika Ramadhani, fundi cherehani. Waislamu hawachelewi na maiti. Ilipogonga saa kumi alasiri tulikuwa tumemaliza kufukia, watu wanakung'uta udongo mikononi. Saa nzima baadaye ikaja pikipiki kutoka upande wa Kongo, na nyuma yake amekaa mzee Ondoma wa Ariwara, kavaa koti la sikukuu, saa ya mkononi kaivaa juu ya mkono wa koti ili kila mtu aione. Akaliangalia kaburi, akaiangalia saa, akaniangalia mimi. Tukaanza kucheka, wazee wawili wenye meno machache, mpaka watoto wa marehemu wakatuhamishia chini ya turubai la nyuma kwa adabu. Ondoma alipotulia aliwaambia vijana wale habari za baba yao, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Huyu mutu, mbele ya goli, hakukosa hata mara moja." Nikakohoa. Kwa nini tulicheka, na kwa nini nilikohoa, ndiyo habari ya mwaka ule, nayo ilianzia kwenye lori.

Juu ya mabenchi alikuwa amekaa mtu mfupi mwenye kofia ya jua, kakumbatia gunia kama mtoto mgonjwa. Huyo alikuwa Mwalimu Luka, mwalimu wa hesabu, refa, na katibu wa mashindano. Kabla hatujatoka mjini nilikuwa nimeshamjua tabia. Utingo alisema leo mvua itanyesha, Mwalimu akasema ndiyo, kweli, itanyesha. Dereva akatoa kichwa dirishani akasema mvua gani na mawingu hakuna, Mwalimu akasema ndiyo, kweli, hakuna. Hakuwa mnafiki. Ilikuwa tu hawezi kumkatalia mtu aliyesimama mbele yake, na katika lori lile wote tulikuwa mbele yake.

Mimi nilikuwa nasoma gazeti lililofungia maandazi. Nilikuwa nasoma chochote: vibao, makopo, barua za watu nikiruhusiwa na wakati mwingine bila kuruhusiwa. Gazeti lilikuwa limechanwa katikati ya habari ya mtu aliyekutwa darini, na nilikuwa nikimsomea utingo kwa sauti na kubuni ile nusu iliyobaki. Mwalimu Luka akanisikiliza mpaka tukapita mashamba ya muhogo ya Ayivu, kisha akaniuliza kama najua pia kuandika. Najua. Kama ni mtu wa Koboko. Hapana. Kama nina ndugu Zaire. Hapana. Kama nina klabu ninayoipenda. Nikasema napenda mpira wenyewe. Akashusha pumzi ya mtu aliyekuwa amebeba mzigo mzito, akafungua gunia, akanionyesha kikombe cha fedha chenye masikio mawili na kifuniko.

Mwaka ule ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wahindi walikuwa wameondoka, na sukari iliwafuata. Sabuni nayo ilikuwa njiani. Lakini mpira ulibaki. Kila mwaka, wiki chache kabla ya ligi kuanza, klabu kutoka nchi tatu zilikutana Koboko kunyoosha miguu: ya Koboko wenyewe, ya Arua, ya Yei kutoka Sudan, na ya Ariwara kutoka Zaire. Mara ya kwanza zilikuwa mbili tu, Koboko na Ariwara, na mechi ilikuwa moja. Yei waliingia baada ya vita vyao kutulia. Mashindano yalikuwa yamechezwa mara tano. Kanuni ilisema klabu itakayoshinda mara tatu itachukua kikombe moja kwa moja, kisirudi tena. Koboko walikuwa wameandikwa juu ya fedha ile mara mbili, Ariwara mara mbili. Arua na Yei walikuja kula. Na mstari wa kwanza kabisa, wa mwaka wa kwanza, ulikuwa mtupu, umeng'aa kuliko kikombe chote.

Nikamwuliza Mwalimu nani alishinda mwaka wa kwanza. Akasema hapo ndipo kazi yangu ilipo. Mgeni wa heshima mwaka huu ni afisa wa jeshi, na afisa ameagiza asomewe historia ya mashindano siku ya ufunguzi, na mstari ule ujazwe. Mwalimu alikuwa amekwenda Arua kutafuta mchongaji, kwa sababu yule Mhindi aliyechonga ile mingine alikuwa sasa anachonga mahali pengine duniani. Alimpata fundi baiskeli mwenye msumari. Fundi akamwuliza aandike nini. Mwalimu akafunga gunia akarudi. Kwa hiyo mimi nitauliza watu, nitaandika kurasa tatu, na nikiandika vizuri nitakuwa karani wa mashindano, nipewe chumba na baiskeli. Nilikuwa sijawahi kupewa chumba kwa sababu ya kuuliza maswali. Mpaka hapo nilikuwa nimefukuzwa viwili kwa sababu hiyo hiyo.

Nilifikia kwa Ramadhani, maana kikombe kilikaa kwake kama nahodha wa mabingwa wa mwaka uliopita, na Mwalimu aliona ni vyema historia na kikombe vilale nyumba moja. Nyumba ile bado naiona. Ukumbi mdogo wenye cherehani ya miguu, jezi za klabu zimetundikwa kwenye kamba kama wachezaji waliokonda, zulia la majani, na meza yenye kitambaa alichofuma mke wake, Mama Hawa. Katikati ya meza, kikombe. Siku ya kwanza Mama Hawa alinipa gurusa, zile chapati zao nyembamba za Kinubi, na chai tamu. Nilishangaa hiyo sukari imetoka wapi, maana Arua nilikuwa nimesahau ladha yake. Akaniangalia, akaniangalia tena, akaamua nina uso wa kuaminika. Akafunua kifuniko cha kikombe. Kilikuwa kimejaa sukari mpaka shingoni. Alisema askari wakipekua nyumba hufungua sanduku, hufungua godoro, hufungua mpaka chungu cha maharagwe, lakini hakuna askari anayefungua ubingwa.

Ramadhani alikuwa na miaka thelathini na kidogo, beki wa kushoto, mikono laini ya fundi na magoti ya mawe. Alikuwa amecheza miaka kumi na moja na alikuwa na goli moja. Goli lenyewe ndilo lililoshinda mwaka wa kwanza. Alinisimulia huku anakanyaga cherehani, na kila alipofika mahali pazuri alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Barua iliandikwa kwenda Ariwara kwamba mechi ni saa kumi. Koboko wakavaa mapema. Saa kumi ikafika, Ariwara hawapo. Wakasubiri nusu saa nzima, watu wamejaa mpaka juu ya miti. Hawapo. Wameogopa. Na kanuni ya siku hizo ilikuwa kwamba ushindi wa adui kutotokea haupatikani kwa kukaa. Lazima muanze mpira, muende, mfunge goli lisilo na mtu, ndipo refa aandike. Nahodha wa wakati huo akasema beki huyu hajawahi kufunga, apige yeye. "Nikapiga," alisema Ramadhani. "Goli moja. Refa alikuwa Mwalimu, na karatasi iko." Akavuta droo ya cherehani, chini ya vifungo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Koboko moja, Ariwara sifuri. Sahihi ya Luka, mkia wake umezunguka kama wa kinyonga.

Kazi imekwisha, nikafikiri. Lakini kati ya chumba nilicholala na cha wenye nyumba palikuwa na pazia tu, na Mama Hawa hakuwa mtu wa kunong'ona. Alfajiri, kabla ya swala, nikamsikia akisema: "Ambia karani na ile ya kwanza."

"Nyamaza, Hawa. Mgeni iko macho."

"Kama iko macho, tasikia. Iliua bata ya nani?"

Kisha nikasikia mwanamke anacheka, mdomo kaufukia kwenye mto. Nilipotoka kunawa, Ramadhani alikuwa amenisubiri mlangoni na birika la maji, jambo ambalo mwenye nyumba hamfanyii mgeni wa kwenye lori. Akanimwagia mikono na kuniambia polepole. Hatua sita kutoka golini, hakuna golikipa, hakuna adui, mji wote unatazama, na mpira wa kwanza aliupiga nje. Ulimpata bata wa jirani. Mwalimu Luka, ambaye hawezi kumkatalia mtu, aliangalia upande mwingine, akamruhusu arudie. Wa pili ukaingia. "Miaka kumi na moja, moja tu," alisema. "Andika hiyo. Ile ya bata, tafadhali." Nikamwapia, maji bado yananitiririka viwikoni.

Ningeweza kuandika siku ile ile. Lakini nilitaka kusikia Ariwara wanasemaje juu ya kuogopa kwao. Nikaiazima ile baiskeli niliyoahidiwa, nikaondoka baada ya chai, nikapita Ludara ambako soko ndiyo kwanza lilikuwa linapangwa, watu wanashusha ndizi na kuku, na kwa njia za mashambani nikaingia Zaire bila kuona mahali ilipoanza. Nilipanga kufika saa saba, saa ya watu kula, kwa makusudi. Ariwara ilikuwa mji wa mtaa mmoja na redio nyingi. Ondoma, nahodha wao, muuza vitenge, nilimpata barazani. Serikali yao ilikuwa imewaondolea majina ya Kizungu, kwa hiyo yeye aliyekuwa Pascal sasa alikuwa Ondoma, na kila mwanamume alikuwa sitwayen, yaani raia. Mimi pia, kwa kuvuka tu shamba la muhogo, nikawa sitwayen. Akanikaribisha kiti. Nikakaa nikingoja sahani. Sahani haikuja. Uani mwanamke alikuwa ndiyo kwanza anapuliza moto.

Nilivumilia kadiri nilivyoweza, kisha nikasema, kama mtu anayezungumza na hewa, kwamba kumbe hapa watu hula saa nane. Ondoma akanyoosha mkono akanionyesha saa yake, saa nene ya chuma. Saa sita kasorobo. Nikamwambia saa yako imelala. Akakasirika kidogo, kwa sababu saa ile ndiyo ilikuwa heshima yake. Tulikuwa bado tunabishana wakati kengele ya misheni ilipoanza kulia. Nilizihesabu. Kumi na mbili. Saa sita ya mchana, na mimi tumboni nilikuwa saa saba. Nimesoma kidogo katika maisha yangu, lakini mengi niliyoyaelewa niliyaelewa kwa njaa. Saa ya Zaire ilikuwa saa moja nyuma ya yetu, na hakuna aliyegundua, maana watu wa mpakani waliishi kwa jua. Ukimwambia mtu tuonane asubuhi sokoni, jua halina serikali. Saa ilikuwa pambo la sikukuu. Lakini mara moja, mwaka wa kwanza, mtu aliandika barua yenye saa kumi ndani yake.

Nikamwuliza Ondoma mwaka ule wa kwanza walifika Koboko saa ngapi.

"Kumi kamili," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa na saa hii, mupya. Tukakuta uwanja mutupu. Koboko walikimbia."

Alinisimulia, na nilikaa pale nikisikiliza alasiri ile ile kutoka mlango wa pili. Walishuka kwenye lori wameshavaa jezi. Hakuna mtu. Walizunguka mlingoti wa bendera wakiita. Mtu pekee waliyemkuta alikuwa refa, aliyerudi kuchukua filimbi aliyoisahau. Wakamzunguka kumi na mmoja. Wakamwambia mechi ni leo, saa ni hii, adui hayupo. Refa akapuliza. Wakaanza, wakaenda, Ondoma akapiga kutoka mbali, hatua kumi na nane, chuma cha juu kikatetemeka, goli. Karatasi ilikuwa katika kopo la biskuti, chini ya picha za harusi. Ariwara moja, Koboko sifuri. Tarehe ile ile. Mkia ule ule wa kinyonga. Miaka iliyofuata walikuja siku moja kabla na kulala Koboko, kwa hiyo saa haikuwakosesha tena, na kila upande ulikaa na ushindi wake kimya kimya, ukimhurumia mwenzake kwa woga. Chakula kilikuja hatimaye. Ugali wa muhogo na wimbi, bamia, samaki wadogo. Nilikula kama mtu wa nchi mbili.

Mwalimu Luka nilimkuta darasani anafuta ubao. Nilimwekea karatasi mbili juu ya meza. Ya Ondoma nilikuwa nimeazimwa kwa kiapo. Aliziangalia kwa muda mrefu, kisha akasema neno ambalo nimelikumbuka mara nyingi nikisikiliza wakubwa wakijieleza redioni: "Walikuwa wamesimama mbele yangu." Aliporudi nyumbani siku ile ya mwaka wa kwanza alifunga mlango akalala na viatu. Kikombe kilipofika kutoka Kampala miezi baadaye, alimwambia Mhindi aanze kuchonga mstari wa pili. Sasa akanipa shauri. Niandike historia mbili. Moja isomwe Koboko, Koboko washinde. Nyingine ipelekwe Ariwara, Ariwara washinde. Nikamwambia na kikombe je, tutakipeleka nacho mara mbili? Akasema tutaona. Nikamwambia nitaandika moja. Akanikumbusha chumba, taratibu, na baiskeli, ambayo nilikuwa nimeiegemeza dirishani na ambayo kusema kweli nilikuwa nimeanza kuipenda.

Jioni nilimweleza Ramadhani. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kusikia mbele ya watu. Alikuwa anashona kola ya jezi namba tatu, yake. Gurudumu likasimama bila kuguswa. Akaniuliza kama goli lake bado lipo. Nikasema lipo. Akauliza la Ondoma. Nikasema nalo lipo. Akahesabu kwa kidole juu ya meza, moja huku, moja kule. Kwa goli moja kwa moja hakuna mshindi. Bila mshindi hakuna mara ya tatu. Bila mara ya tatu kikombe hakikai. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, naye alikuwa anahesabu, ila yeye alikuwa anahesabu sukari.

"Ukiandika mimi peke yangu," alisema Ramadhani, "yule mtu wa Ariwara tafanya nini na goli yake?"

"Atakaa nayo tu."

"Ni kama mimi napewa moja katika miaka kumi na moja, halafu karani nafuta." Akarudisha mguu kwenye cherehani. "Andika zote. Lakini ile ya bata, hapana."

Siku ya ufunguzi uwanja ulijaa. Klabu nne zilipangwa kwenye jua, mgeni wa heshima chini ya turubai na miwani nyeusi, Mwalimu Luka nyuma yake ameshika kofia kwa mikono miwili. Vijana wa afisa walikuwa wamekwenda nyumbani kwa Ramadhani kuchukua kikombe wakati Mama Hawa yuko kisimani, wakakibeba kilivyo, na kifuniko chake. Alifika uwanjani anahema, ndoo bado mkononi. Nikasoma kurasa zangu tatu. Nilikuwa nimeeleza barua, saa mbili za nchi mbili, filimbi iliyosahauliwa, magoli mawili katika alasiri moja. Niliacha bata. Nilipofika mwisho Koboko wakaanza kunung'unika kwa Kiswahili, Kikakwa na Kinubi, na Ariwara kwa Kilugbara na Kilingala, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mashindano yale pande zote mbili zilisema kitu kimoja, nacho kilikuwa juu yangu.

Afisa akainua mkono. Akauliza, sasa kikombe ni cha nani. Akamwuliza Mwalimu. Mwalimu akasema ndiyo. Akaniuliza mimi. Nikasema kwa historia ilivyo, afande, bado hakina mwenyewe. Akafikiri. Alisema kitu kisicho na mwenyewe ni mali ya serikali, na akaashiria dereva wake. Dereva akakichukua kikombe kwa masikio yote mawili. Hapo Mama Hawa akapita katikati ya mistari ya wachezaji, ndoo inamwagikia miguuni. Kuficha sukari siku zile halikuwa jambo la kuchekesha, na kila aliyemjua alitazama chini.

"Afande," alisema, "ndani iko sukari ya nyumba yangu."

Afisa akafunua kifuniko. Akachovya kidole, akalamba, miwani haikusogea. Tulisubiri. Kisha akafunika. "Na sukari pia," alisema, akaingia garini. Ilikuwa amri nyepesi kuliko tulivyoogopa, na nadhani ndiyo maana baadhi yetu tulicheka, baada ya vumbi kutulia na gari kufika mbali sana. Kikombe hakikuonekana tena. Mashindano yalichezwa hivyo hivyo, na Arua, ambao walikuja kula, wakashinda, wakapewa mbuzi.

Mwalimu Luka aliniambia kwa upole kwamba chumba kinahitajiwa na mgeni mwingine. Hakusema ni nani, na kwa kuwa nilisimama mbele yake aliongeza kwamba bila shaka ninaweza pia kubaki. Vijana wa Koboko hawakuwa na utata wa namna hiyo. Asubuhi Mama Hawa alinipa chai kavu, nyeusi, chungu. Nilipokunja uso akasema, "Kunywa, Adriko. Ndiyo historia yako hiyo." Lakini alinifungia gurusa nne kwenye karatasi, na Ramadhani akanishonea kifungo kilichokatika, akiwa amepiga goti mbele yangu barabarani kana kwamba mimi ndiye nahodha. Aliniomba nakala ya ukurasa wa pili, ule wenye goli lake. Nilikuwa nimeshaunakili. Lori la Ariwara lilikuwa limesimama, injini inanguruma, nyuma pana nafasi. Ondoma alikuwa amekaa mbele. Sikuuliza wanakwenda wapi, maana nilijua, na hiyo ilikuwa ajabu kwangu.

Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka na West Nile yote ikabeba magodoro kuelekea magharibi, Ramadhani na Mama Hawa walipita njia ile ile ya Ludara, cherehani juu ya baiskeli, na wakafikia nyumba ile ile niliyofikia mimi. Waliishi na Ondoma miaka mingi. Wanaume wale wawili walizungumza mpira kila jioni, na kila mmoja alinijia kwa wakati wake kuhakikisha kwamba bado nimefunga mdomo. Kwa hiyo nilikuwa nimebeba siri mbili, na ya pili niliipata siku ile ile ya lori la Ariwara.

Tulivunjikiwa njiani, tukasukuma, tukafika Ariwara nyumbani kwa Ondoma jua limeanza kulegea. Kwa Koboko ilikuwa saa kumi na moja. Pale kengele ya misheni ililia mara nne, saa kumi kamili, na Ondoma akaniangalia kuona kama nitabisha. Sikubisha, nilikuwa nimepewa saa moja bure. Mke wake alikuwa anapaka udongo mpya ukuta wa chumba cha uani, akaniambia nisiguse upande wa kushoto. Kulikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ukubwa wa daftari, na harufu ya majivu. Ondoma akasimama mlangoni, akiizungusha saa yake mkononi.

"Karani. Uliandika goli yangu ilitoka mbali."

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Ilitoka mbali, ndiyo." Akaangalia uani kuona mke wake amesogea. "Lakini ya kwanza ilipita inje. Hakuna golikipa, hakuna mutu, na ikapita inje. Refa akageuza macho. Usiandike."

Nikasema siandiki. Hakuondoka. Alikuwa na swali jingine, na nililiona linakuja tangu mbali, kama mpira wa juu ambao huna pa kujificha.

"Na yule fundi wa Koboko? Yeye aliingiza ile ya kwanza?"

Nilikuwa nimepoteza chumba na baiskeli kwa kukataa kuandika uongo, na wino ulikuwa bado vidoleni.

"Ya kwanza," nikasema.

Ondoma akatikisa kichwa polepole, bila wivu, kama mtu anayethibitishiwa jambo alilolijua. "Nilifikiri," alisema. "Yule mutu iko na muguu." Kisha akaniambia chumba ni changu kadiri ninavyotaka, chakula bado kidogo, wanawake ndiyo kwanza wanawasha moto. Nikatafuta msumari kwenye ukuta wa kulia, uliokauka, nikatundika shati langu la pili.